Mbegu ya muhogo ya bure ndiyo inayomgharimu mkulima

KATIKA kata ya Pangani, Kibaha, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Kisarawe na mkoa mzima wa Pwani, mbegu ya muhogo ni kitu cha kuombana. Mvua zikikaribia, mkulima huenda kwa jirani aliyekwisha kuvuna, hupewa fito, huzikata pingili na kupanda. Hakuna fedha inayotoka mfukoni. Ukimwambia kuwa pingili zina bei, atakuona kama mtu anayetaka kumuuzia maji ya mvua.

Bei ipo, ila hulipwa siku ya kuvuna. Shamba linapendeza kwa nje, mnunuzi amekwishafika na gari, muhogo unakatwa na ndani unakutwa na madoa ya kahawia, makavu na magumu. Mnunuzi hawezi kuupeleka sokoni na mwenye shamba hawezi kuupika. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Mwenzake ni batobato, ambao hukunja majani na kudumaza mmea. Yote miwili husababishwa na virusi. Huenezwa na inzi weupe, na pia na pingili zilizokatwa kwenye mmea mgonjwa. Mmea ukishaambukizwa hakuna dawa ya kuuponya.

Hesabu yake si ngumu. Ukipanda kwa nafasi ya mita moja kwa moja, ekari moja huchukua mashina yapatayo 4,000. Tuseme robo ya mashina hayo yameoza mizizi. Ina maana mkulima amelima, amepanda na amepalilia mashina 1,000 kwa ajili ya kutupa. Vibarua waliopalilia hawarudishi ujira wao kwa sababu muhogo umeoza.

Cha kusikitisha ni kwamba vita dhidi ya magonjwa haya ilianzia hapa hapa nchini. Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha utafiti cha Amani, mkoani Tanga, mtaalamu wa magonjwa ya mimea H. H. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols waliona kuwa mihogo ya kawaida haikuwa na kinga ya kutosha. Wakaugeukia mpira wa Ceara, ndugu wa porini wa muhogo, ambao Wajerumani waliuleta kutoka Amerika Kusini na kuupanda kwa ajili ya utomvu. Watu wa Pwani wanaufahamu mti huo, kwani majani yake ndiyo kisamvu cha mpira. Mizizi yake hailiki, lakini una ukinzani dhidi ya virusi.

Waliuchanganya na muhogo. Watoto wa kwanza walirithi ukinzani, lakini mizizi yao ilikuwa duni. Ikabidi warudishwe kwa muhogo mara ya pili, na mara ya tatu, huku kila kizazi kikichujwa upya. Kazi hiyo ilikwenda kwa takriban miaka 20, hadi ilipofungwa mwaka 1957.

Njia hiyo si ya muhogo pekee. Huko Kanada, William Saunders alichukua tufaha dogo la porini kutoka Siberia, lenye kustahimili baridi kali, akalichanganya na matufaha ya bustani ambayo yalikuwa yakifa kwa baridi. Nchini Indonesia, miwa ya kienyeji ilichanganywa na miwa ya porini ili ishinde magonjwa. Mahali pote somo ni lile lile: mti wa porini hutoa uimara, na uvumilivu wa binadamu hurudisha utamu.

Matunda ya Amani yalikwenda mbali. Mbegu zake zilipelekwa Ibadan, Nigeria, katika miaka ya 1950, na kutokana nazo kikapatikana kizazi kilichotumiwa baadaye na taasisi ya kimataifa ya IITA. Batobato kali ilipoteketeza mihogo ya Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, aina zenye damu hiyo, ikiwamo TMS 30572 iliyoitwa Migyera, ndizo zilizowarudisha wakulima shambani. Hapa nyumbani, mkoani Mtwara na Lindi, ilibaki Namikonga, ambayo pwani ya Kenya huitwa Kaleso. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kwa nini basi Pangani bado wanaombana fito zenye ugonjwa? Kituo cha utafiti cha Kibaha hakiko mbali, na pamoja na miwa kinashughulikia pia mihogo. Aina bora zimekwishatolewa, ikiwamo Kiroba. Kikwazo kiko kati ya kituo na shamba. Punje moja ya mahindi huzaa mamia ya punje, lakini shina moja la muhogo hutoa pingili kama 10 tu kwa msimu. Fito ni nzito kusafirisha na hukauka upesi. Kampuni kubwa za mbegu hazioni faida humo. Halafu Kiroba huvumilia michirizi, haina kinga kamili. Shina linaweza kuonekana zima huku limebeba virusi, na jirani akalipokea kwa shukrani.

Wapo watakaosema mkulima mdogo hana fedha ya kununua pingili 4,000. Ni kweli, lakini hahitaji zote kwa mara moja. Anaweza kuanza na 200 zilizothibitishwa, akazipanda mbali na mihogo ya zamani na kung'oa kila shina linaloonyesha dalili. Msimu unaofuata atakuwa na pingili kama 2,000, zinazotosha nusu ekari. Kikundi cha wakulima 10 kinaweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo zaidi kwa kila mmoja.

Hapo ndipo mfanyabiashara mdogo anapopata nafasi yake. Utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora, chini ya usimamizi wa TOSCI, unamruhusu mkulima aliyesajiliwa na kukaguliwa kuzalisha na kuuza pingili katika eneo lake. Halmashauri za Kibaha na Kisarawe zingeweza kuwasaidia wazalishaji hao kwa ukaguzi wa haraka na kwa kununua pingili zao, badala ya kuagiza fito kutoka mbali.

Serikali nayo ikumbuke Amani. Uzalishaji wa aina mpya haulingani na bajeti ya mwaka mmoja. Ulianza na mti wa porini, ukadai miaka 20, na faida yake ikaonekana katika nchi nyingine miongo kadhaa baadaye. Mtafiti asikatiwe fedha katikati ya safari, na mkulima aache kuamini kwamba alichopewa bure hakina gharama.