Sungura wa Gladstone, Nguruwe wa Rufiji



Kuna neno moja ambalo sisi Waswahili wa ughaibuni tumelizoea mno, nalo ni "jangili". Tunalitamka kila inapotufikia picha ya mwanakijiji aliyekamatwa na gobore. Hatuulizi alikuwa analenga nini, wala shamba lake lilikuwa na hali gani alfajiri ile. Ana bunduki ya kienyeji, anaishi karibu na pori, basi yatosha: jangili. Katika makala haya tunalipinga neno hilo linapotumiwa kiholela. Na tunalipinga tukiwa hapa hapa Neasden, kwa sababu ushahidi wetu mmoja tunaukanyaga kila wiki.

Siku ya Jumapili, jua likichomoza kidogo, nusu ya watu wetu utawakuta Gladstone Park, watoto wakicheza mpira na wazee wakipunga upepo mlimani. Wachache hujiuliza huyo Gladstone alikuwa nani. William Gladstone alikuwa waziri mkuu wa Uingereza mara nne, na uzeeni alipenda kuja kupumzika katika nyumba ya Dollis Hill, iliyokuwa juu ya kilima hicho mpaka ilipobomolewa mwaka 2012. Bustani ilipofunguliwa mwaka 1901 ikapewa jina lake. Jambo tunalotaka mlikumbuke ni sheria iliyopitishwa chini ya serikali yake mwaka 1880, iitwayo Ground Game Act. Sheria hiyo ilihusu sungura.

Msicheke. Kabla ya mwaka huo, mkulima wa Kiingereza aliyelima ardhi ya kukodi alipanda ngano na kabichi, na sungura wa bwana mwenye ardhi wakala. Mkataba ulimkataza kuwagusa, maana bwana aliwataka kwa ajili ya mchezo wake wa kuwinda na wageni wake. Mkulima akimuua sungura aliyemlia mazao, alikuwa mwizi. Sheria za mawindo za nchi hii zilikuwa kali kupita kiasi: ile ya mwaka 1723 iliweka adhabu ya kifo kwa makosa kadhaa ya uwindaji haramu, na ile ya mwaka 1828 iliruhusu aliyerudia kuwinda usiku apelekwe uhamishoni ng'ambo. Maskini wa Kiingereza walifungwa na kusafirishwa kwa sababu ya sungura na ndege.

Sheria ya mwaka 1880 ikageuza mambo. Ilimpa mkulima haki ya kuua sungura katika ardhi anayoilima, awe mwenye ardhi au mpangaji. Zaidi ya hapo, ilisema haki hiyo haiwezi kuuzwa wala kuondolewa kwa mkataba. Bwana akiandika kifungu cha kumnyima mpangaji wake, kifungu hicho ni batili. Wabunge walielewa kwamba mnyonge akibanwa atatia saini chochote, kwa hiyo wakamkinga hata na saini yake mwenyewe. Mwaka 1954 ikaja sheria nyingine ya wanyama waharibifu, ambayo ilifanya kupunguza sungura kuwa wajibu wa mwenye kushika shamba karibu katika Uingereza na Wales nzima. Haki ikawa wajibu!

Na bunduki je? Hapa hakuna nchi ya kuchezea silaha. Baada ya mauaji ya Hungerford ya mwaka 1987, sheria ya mwaka 1988 ilipiga marufuku karibu bunduki zote za rifle zinazojikoki zenyewe. Baada ya watoto kuuawa shuleni Dunblane mwaka 1996, bastola nazo zikapigwa marufuku mwaka uliofuata. Lakini mkulima hakunyang'anywa bunduki yake ya shambani. Akienda polisi akaeleza kwamba ana sungura, mbweha au kunguru wanaomwharibia, hiyo inahesabiwa kuwa sababu ya msingi ya kuomba kibali. Ndiyo maana mpaka leo katika kabati la chuma la mkulima wa Kiingereza unaweza kukuta rifle ya mtindo wa kale, kama Winchester iliyobuniwa mwaka 1894, ile inayokokiwa kwa wenzo ulio chini ya kitako: unausukuma mbele, unaurudisha, ganda tupu linaruka na risasi nyingine inaingia. Ni chombo cha babu, anakitunza kwa mafuta na kitambaa, na jioni anatoka nacho kulinda shamba. Hakuna anayemwita jangili. Majirani wanamwita mkulima.

Sasa tuvuke bahari, tuone Ulaya hiyo hiyo ilitufanyia nini sisi, na katika miaka ipi.

Mwaka 1890, miaka kumi tu baada ya sheria ya Gladstone, mataifa yalikutana Brussels kwa jina jema la kupinga biashara ya utumwa. Katika mapatano yao wakazuia rifle na silaha za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, wakaacha mlango mdogo kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, gobore tunalolicheka leo kuwa ni ushamba wa mwanakijiji ni daraja aliyopangiwa mezani na wengine.

Mwaka 1900 wakakutana tena, safari hii hapa hapa London, wakatia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Mkataba huo ulitaka nyavu na mashimo ya kutegea yakatazwe au yabanwe. Nyavu na mashimo ndiyo iliyokuwa mitego ya wazee wetu. Kichekesho ni kwamba mkataba huo huo ulimtaja nyani katika orodha ya wanyama waharibifu wanaotakiwa kupunguzwa. Walijua kwamba nyani anaharibu. Ila aliyeharibiwa shamba hawakumwachia wavu wala kumpa rifle. Mkataba wenyewe haukuidhinishwa na wote, lakini fikra zake ziliingia katika sheria za makoloni. Wajerumani kwa upande wao walikuwa na amri yao ya uwindaji Tanganyika tangu mwaka 1896.

Matokeo yake yalionekana upesi. Wanahistoria waliochunguza chanzo cha Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 katika Uzaramo wameeleza jinsi wanaume walivyochukuliwa kwenye kazi za wakoloni, uwindaji wa nyavu ukabanwa, na nguruwe mwitu wakajaa mashambani ambako wanawake walibaki kupambana nao. Katika vitabu vya shule tulisoma pamba, kodi na viboko. Nguruwe hatukumsoma, naye alikuwa mle ndani ya njaa ile.

Na wakati mkulima wetu ananyimwa, nani alipewa? Mwezi wa Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa. Miongoni mwa bunduki zake ilikuwa Winchester ya mwaka 1895, ya wenzo, aliyoisifu sana kwa kuulia simba. Kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Hawakuwa na shamba la mahindi la kulinda. Walipewa leseni, wakabebewa mizigo, na ngozi zikaenda kwenye makumbusho Washington. Bunduki ya wenzo ilifika Afrika Mashariki mapema kabisa, ila haikufika mikononi mwa mwenye jembe.

Tukisema hayo, wapo watakaotujibu kwamba wakoloni wameondoka siku nyingi, tuache kulalamika. Sawa, tuje kwenye zama zetu. Mkulima wa Rufiji, Kilwa au Liwale bado analala juu ya dungu usiku, mwenzake anapiga debe, mtoto anashinda mchana akiamia ndege badala ya kuwa darasani. Nguruwe wakiingia shamba la mihogo usiku mmoja, kazi ya miezi imekwisha. Sheria ya Tanzania haimnyimi mtu utetezi wa maisha na mali yake mbele ya mnyama. Lakini haki isiyo na chombo ni kama kisima kisicho na kamba. Ofisa wa wanyamapori yuko wilayani, gari halina mafuta, na wahenga walishasema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kuna malipo, tutaambiwa. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kutegemea umbali wa shamba na hifadhi, mwisho ekari tano. Na kifuta machozi cha shilingi milioni moja kwa mtu aliyeuawa. Tazameni majina yenyewe. Hayasemi fidia, yanasema kufuta jasho. Anayefutwa jasho hajalipwa kazi yake.

Watatuambia pia habari ya tembo. Hapo hatubishani: sensa ya mwaka 2009 ilihesabu tembo wapatao 109,000 Tanzania, na ya mwaka 2014 ikahesabu kama 43,000. Ni aibu na ni msiba. Lakini meno yale yalivuka bandari na bahari. Hayakuishia kwenye kibanda cha mlinda mihogo. Serikali ilipoanzisha Operesheni Tokomeza mwezi Oktoba 2013, Bunge lililetewa habari za mateso na vifo vya raia, operesheni ikasimamishwa, na kabla mwaka haujaisha mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Hayo ndiyo matunda ya kumtazama kila mwanakijiji kuwa jangili.

Na kuna jambo ambalo watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa. Mkulima Mwislamu wa Rufiji anapomuua nguruwe, hali nyama yake na hana pa kuiuza kwa majirani zake. Anapoteza risasi, baruti na usingizi. Huo ujangili gani usio na kitoweo wala faida?

Tuwe waadilifu pia, maana si kila mnyama anayeshtakiwa ana hatia. Kule Jozani, Unguja, wakulima waliwalaumu kima punju kwa kula nazi changa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ukaonyesha kwamba ulaji huo haukupunguza mavuno ya nazi. Kwa hiyo hatusemi kila mtu apewe bunduki apige chochote kinachotikisa jani. Kwa tembo ziko njia nyingine, kama uzio wa mizinga ya nyuki uliojaribiwa Kenya. Tunasema mizani iwe moja. Kama sungura wa Buckinghamshire ni sababu ya msingi, nguruwe wa Rufiji ni sababu ya msingi mara mia.

Tunachotaka ni kitu cha kawaida kabisa. Kijiji kinachopakana na pori kiwe na bunduki zake chache, zilizosajiliwa kwa mujibu wa sheria ya silaha ya mwaka 2015, zikiwa chini ya serikali ya kijiji na mikononi mwa askari wanyamapori wa kijiji waliofunzwa. Wapewe risasi na ruhusa ya wazi kwa nguruwe na nyani walio ndani ya mashamba, na kila risasi iandikwe daftarini. Rifle ya kale ya kukoki kwa mkono inatosha. Hatuombi silaha za vita.

Na sisi wa Neasden tuna wajibu. Wengi wetu tuna vijishamba vya kukodi kwa halmashauri, na njiwa wakituharibia sukuma wiki tunanung'unika wiki nzima, kisha tunakwenda kununua nyingine dukani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Pesa tunazotuma nyumbani kwa mbegu na vibarua huliwa na nguruwe hao hao, basi jambo hili ni letu. Akija mtu wa shirika na kopo la kuchangia tembo, tuchangie tukipenda, lakini tumuulize: mkulima anayelala nje kwa ajili ya tembo huyo, shirika lako linampa nini? Vyama vyetu vya miji na mikoa, vinapokutana na mabalozi na wabunge kutoka nyumbani, vitoke kwenye hotuba za uwekezaji kidogo, viulize habari ya bunduki za vijiji. Na picha ya mwanakijiji na gobore lake ikitufikia tena, tuulize kwanza shamba lake liko wapi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Waingereza walimpa mkulima wao mwaka 1880. Wetu bado yuko juu ya dungu, anapiga debe.