Amplifaya: nibaki nayo au niirudishe?

Juzi nilinunua amplifaya ya gitaa Mombasa, nikaipakia kwenye basi hadi Garsen. Kuangalia nyuma: volti 120, hezi 60. Mali ya Marekani hiyo! Stima yetu Kenya ni volti 240, hezi 50.

Fundi akanijaribishia na transfoma yake ya kushusha. Sauti tamu kweli, nusura nibaki nayo. Lakini transfoma hushusha volti tu, hezi hubaki 50, na chombo kilichoundwa kwa 60 pekee huzidi kupata joto. Joto la Garsen mnalijua.

Tena muuzaji aliniambia "chomeka tu". Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza udanganyifu kama huo. Sisi waandishi wa programu tumezoea kutia viraka makosa ya wengine. Hili silitii. Kesho inarudi Mombasa.