Joto kwanza, bakteria baadaye

Mwandishi, hapo uliposema bakteria ndio chanzo cha mwani kuoza, naomba niongeze. Mama yangu analima mwani Jambiani, Zanzibar. Kipindi cha kaskazi, maji yakipwa sana na jua likiwa utosini, matawi ya mwani aina ya kotonii hupauka, huwa meupe na laini, kisha hukatika kwenye kamba. Joto hudhoofisha mmea kwanza. Bakteria huja baadaye na vimeng'enya vyao kukata karajinani iliyo ndani ya mwani, ile ile inayotafutwa na wanunuzi. Na wewe ndugu hapo juu unayetaka dawa ya kuwaua bakteria wote, hao ndio wanaoozesha mwani mfu baharini! Badala ya dawa, akina mama wasaidieni kwa boti na mafunzo ya kuogelea, wapande maji ya kina yasiyochemka.