Modeli ya Mahindi na Deni la Kiswahili

Wengi hudhani kwamba programu za kisayansi hutufikia zikiwa zimekamilika, nasi kazi yetu ni kuzitumia tu. Historia ya Katumani, karibu na mji wa Machakos, yaikanusha dhana hiyo. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Kenya na Australia waliichukua CERES-Maize, modeli ya mahindi iliyoundwa Marekani, wakailinganisha na vipimo vya mashamba ya huku. Haikuoana vyema na ukame wa Ukambani wala na udongo uliopungukiwa na naitrojeni. Hawakuitupa, waliandika upya baadhi ya sehemu zake, ikazaliwa CM-KEN. Kazi hiyo baadaye ilichangia APSIM, programu ya Australia ambamo kila zao lina moduli yake, huchomekwa na kuchomolewa.

Je, mkulima ambaye shamba lake ndilo lililopimwa aelezwe matokeo kwa lugha gani? Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na maneno kama mlinganyo na kigezo tunayo. Ikiwa wanasayansi waliifunza modeli ya kigeni ukame wetu, sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna udhuru wa kushindwa kuieleza.