Ghala Tupu, Daftari Limejaa

Muhula huu zilienea habari shuleni petu kwamba kompyuta ya Linux tunayojifunzia imejaa, na kwamba wazazi waombwe mchango wa diski mpya. Shauri hilo halikuwa jema, nami naomba nafasi nieleze sababu.

Sisi wa Tunduma tunajua mizigo. Tuseme karani wa ghala ana daftari la mistari 100 tu, na kila kiingiacho sharti kiandikwe mstari wake. Gunia la mahindi hula mstari mmoja. Kiberiti nacho hula mstari mmoja. Vikija viberiti 100, daftari limekwisha, na lori la mahindi litarudishwa mlangoni ingawa ghala li karibu tupu.

Diski nayo ni vivyo hivyo. Mstari huo huitwa inodi, na kila faili, kubwa au dogo, hula inodi moja. Katika mpango wa ext4, utumiwao na mashine nyingi za Linux, idadi ya inodi huwekwa siku ile sehemu ya diski inapotengenezwa. Kwa kawaida ni inodi moja kwa kila baiti 16,384. Sehemu yetu wanafunzi ni ya gigabaiti 10, basi ina inodi zipatazo 655,000. Programu moja ya mazoezi iliachwa ikiandika faili dogo kila sekunde, usiku na mchana. Siku nane hazikutimia, inodi zikaisha, nasi tukashindwa kuhifadhi kazi zetu za mtihani.

Amri ya df -h ilionyesha nafasi tele. Df -i ilionyesha asilimia 100. Mafaili yale yalipofutwa, mashine ilipokea kazi tena bila gharama yoyote.

Wako wasemao kuwa diski kubwa ingekuwa na inodi nyingi zaidi. Ni kweli, lakini hata iliyo kubwa mara kumi ingejaa kwa miezi miwili na nusu.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. Kwanza, kila Ijumaa zamu ya usafi iandike majibu ya amri zote mbili ubaoni. Pili, kila kidato kipewe sehemu yake ya diski, ili uchafu wa wachache usizuie kazi za wote.

Mzazi wa Mbozi huuza kahawa yake ili sisi tusome. Si haki kumwomba fedha kwa sababu hatukufagia.