Paka na Viungo vya Jikoni

Katika nyumba nyingi paka hafugwi kwa ajili ya kupapaswa. Amewekwa alinde. Mahindi na maharagwe yakishatiwa maguniani, panya huwa wa kwanza kuyafikia, na mwenye ghala asiye na paka hulazimika kutumia sumu, ambayo haichagui baina ya panya, kuku na mtoto mchanga. Paka mmoja hodari humwondolea mwenye nyumba mashaka hayo yote. Hata hivyo chakula cha mlinzi huyu hakifikiriwi na mtu. Humiminiwa mabaki ya sufuriani, na mambo huishia hapo.

Akina mama huuliza mara kwa mara iwapo majani na viungo vinavyopandwa karibu na jiko vyaweza kumdhuru paka anayevitafuna. Swali hilo lina sababu yake. Paka huonekana asubuhi akiuma mchaichai ulioko mlangoni, na baada ya muda mfupi hutapika povu. Mwenye paka akiona hivyo husema kwamba mnyama wake amelishwa sumu, na macho huelekezwa upande wa pili wa ua, kwa jirani. Urafiki wa miaka mingi umepata kuvunjika kwa jambo dogo kama hilo.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba paka, ijapokuwa ni mla nyama, hula majani kwa tabia yake. Hata simba na chui huonekana wakitafuna nyasi. Mchaichai ni jamii ya nyasi, ndiyo sababu paka huupenda. Akiula kwa wingi tumbo humchafuka, akatapika, kisha akarudia hali yake. Nanaa nayo ni hivyo hivyo. Mrihani, giligilani, rozimari na seleri hazina sumu kwake, na tangawizi haimdhuru, ingawa ni paka wa ajabu atakayeitaka. Mimea ya kuangaliwa zaidi ni mshubiri, ambao utomvu wake humharisha vibaya, na majani mabichi ya mnyanya. Lakini paka hayapendi sana majani hayo, na ni nadra kula ya kumtosha kuugua sana.

Basi hofu ya bustani ni kubwa kuliko hatari yake. Hatari yenyewe imo chunguni, katika kiungo ambacho hakuna mpishi akiwazaye kuwa kibaya: kitunguu.

Vitunguu maji, vitunguu saumu, vitunguu vya majani na vile vyenye shina nene jeupe viitwavyo liki vyote ni ukoo mmoja, na ukoo huo wote ni sumu kwa paka. Ndani yake mna viini vya salfa, jamaa ya vile vinavyomtoa machozi mtu anapokata kitunguu. Viini hivyo vikishasagwa tumboni huingia katika damu na kuishambulia hemoglobini, yaani kile kitu chekundu kinachobeba oksijeni mwilini. Hemoglobini ya binadamu ina mahali pawili pawezapo kushambuliwa kwa njia hiyo. Ya mbwa ina mahali panne. Ya paka ina mahali panane. Hemoglobini iliyoharibika huganda ikawa vinundu ndani ya chembechembe nyekundu za damu. Vinundu hivyo vilielezwa na daktari Mjerumani, Robert Heinz, mwaka 1890, na mpaka leo vinaitwa kwa jina lake. Chembe yenye vinundu huwa dhaifu, hupasuka kabla ya wakati wake, na paka hubaki amepungukiwa damu.

Kiasi kinachotosha ni kidogo mno. Gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wa paka zaweza kuanza kuiharibu damu yake. Paka wa kilo 3, basi, hudhurika kwa gramu 15, nazo hazifiki hata sehemu ya sita ya kitunguu kimoja cha kawaida cha sokoni. Kitunguu saumu kina nguvu zaidi, hivyo kiasi chake cha kudhuru ni kidogo kuliko hicho. Tena si lazima kiliwe chote kwa siku moja. Kidogo kidogo cha kila siku, jioni baada ya jioni, chaweza kumfikisha pale pale.

Wengi hudhani kwamba moto huondoa sumu. Hauiondoi. Kitunguu kilichokaangwa, kilichochemshwa au kilichoyeyukia katika mchuzi mpaka kisionekane tena ni sumu vile vile, na kilichokaushwa kikasagwa unga huwa kikali zaidi kwa kuwa maji yake yametoka. Mwaka 1998 wachunguzi waliandika juu ya paka walioharibika damu kwa kulishwa nyama laini ya watoto wachanga iliyotiwa unga wa kitunguu. Chakula cha namna hiyo watu humpa paka mgonjwa kwa wema, anapokataa kingine. Na vidonge vya supu vinavyouzwa kila duka, ambavyo siku hizi vimeingia katika kila mchuzi, mara nyingi vina unga huo.

Chukua sombe. Majani ya muhogo hutwangwa, yakapikwa kwa saa nyingi pamoja na vitunguu, liki, mawese ya Rumonge na ndagala wa Ziwa Tanganyika. Kitunguu kibichi paka hakigusi, maana harufu yake humkera. Lakini harufu ya ndagala humshinda. Hula samaki, akaramba mchuzi, akamaliza na majani yaliyoshikamana na mifupa, na mama anayemtazama hufurahi kwamba mnyama ameshiba. Hana dhambi mama huyo. Amempa paka chakula kile kile anachowapa watoto wake.

Ugonjwa hauji siku ile ile. Dalili huweza kuonekana baada ya siku moja au siku kadhaa, na kufikia hapo hakuna akumbukaye sombe ya juzi. Paka hulala mno, hukataa chakula, huhema upesi kama aliyekimbizwa, na pengine mkojo wake huwa wa rangi ya chai ya rangi. Njia nyepesi ya kumkagua ni kuinua mdomo wake wa juu na kutazama ufizi. Ufizi wa paka mzima huwa wa waridi, isipokuwa kwa wale wenye ufizi mweusi wa asili. Wa aliyepungukiwa damu huwa mweupe, au huingia manjano. Hapo ndipo lawama zinapomwangukia jirani, ilhali sumu ilitoka katika jiko la mwenye paka.

Mnyama wa namna hiyo apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa. Kumnywesha maziwa au mawese, kama wafanyavyo watu wengi penye shaka ya sumu, hakumsaidii, na mafuta yaweza kumpalia yakaingia mapafuni. Chumvi ya kumtapisha ni sumu nyingine juu ya ile ya kwanza. Dawa maalumu ya kuzima sumu ya kitunguu haipo, lakini paka ambaye hali yake haijawa mbaya sana, akikomeshwa kula vitunguu, uboho wake hutengeneza damu mpya, akapona.

Wako pia wanaomlisha paka kitunguu saumu kwa makusudi ili kumtoa minyoo. Desturi hiyo iachwe kabisa. Iachwe pia ile ya kumpa dawa za binadamu: ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamoli, na kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kumwua.

Kuhusu chakula, ugali mtupu haumtoshi. Paka huhitaji kiini kiitwacho taurini, ambacho hukipata katika nyama na samaki, na akikikosa muda mrefu macho yake hupofuka na moyo wake hudhoofika. Wapo wanaoshikilia kwamba paka aliyeshiba hakamati panya. Si kweli, maana paka huwinda hata akiwa ameshiba.

Haihitajiki gharama mpya. Sufuria ya sombe inapotengenezwa, konzi ya ndagala wasio na chumvi hutengwa na kuchemshwa kwa maji matupu, huchanganywa na ugali kidogo, na hupozwa katika kibakuli cha paka, wakati vitunguu bado vimo kwenye ungo.