Asiransi ya familia: pikipiki ya kazi itangulie jipe

Kwenye barabara yetu ya Sake kwenda Masisi, karatasi ya asiransi imegeuka kitu cha kuonyesha polisi tu. Familia yenye magari mawili ao matatu inalipia ile moja inayoshuka Goma, juu huko polisi wa rulage wataiuliza. Zingine zinabaki mlimani bila kitu: pikipiki ya taksi inayopanda Rubaya kila siku, na Fuso inayobeba maharagi, viazi na makala. Sisi tunaona hesabu hiyo imepinduliwa. Gari inayoachwa bila asiransi ndiyo ile inayoweza kuuzisha familia shamba.

Wengine watasema mambo ya magari mengi ni ya matajiri wa Kinshasa. Hapana. Hapa Bihambwe, kwenye njia inayokata kwenda Rubaya, tunajua ginsi inavyoanza. Mtu ananunua pikipiki moja, anampa mdogo wake aitumikishe. Mwaka unaofuata anaongeza ya pili. Kisha yeye na shemeji wanaunganisha pesa, wanapata Fuso ya okazio. Biashara ikienda vizuri, inakuja Noah ao jipe ya nyumbani. Kwa karatasi kila chombo kina mwenyewe. Kwa ukweli vyote vinakula kwenye sufuria moja, na siku moja ikigonga mtu, ni ukoo wote utakaokaa chini kutafuta pesa.

Sheria yenyewe si mpya. Tangu tarehe 5 Januari 1973, kila chombo chenye motere kinachotembea barabarani kwetu Kongo kinapaswa kuwa na asiransi ya kulipa madhara ya wengine. Ile njo inaandikwa RC kwenye karatasi. Kilichobadilika ni soko. SONAS ilianzishwa mwaka 1966, na kwa karibu miaka 50 ilikuwa peke yake. Kulinganisha bei hakukuwa na maana, mlango ulikuwa mmoja. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, ikaleta pia ARCA, chombo cha serikali cha kuchunga makampuni ya asiransi. Mwaka 2019 makampuni ya kwanza ya watu binafsi yalipata ruhusa, kama Rawsur, Activa na SFA Congo. Kwa hiyo leo mtu anaposema "bei ni ile ile, hakuna kuchagua", anaongea habari za zamani.

Sasa RC inafanya nini? Inalipa ule uliyemgonga. Hailipi Fuso yako. Fikiria siku ya soko, pikipiki inamvunja mtoto mguu. Kuna kumpeleka hospitali, kuna kumpasua, kuna miezi ya kulala, kuna mama yake anayeacha shamba ili amchunge. Bila asiransi, wazee wanakutana. Ng'ombe mmoja anatoka, kisha wa pili, kisha kipande cha ardhi. Wakati mwingine motari anakimbia usiku, na mtoto anabaki na mguu mbaya maisha yote. Ikiwa RC iko na ni ya kweli, kampuni ndiyo inayoketi mbele ya familia ya mtoto. Ndiyo maana hatuiite kodi. Ni ukuta kati ya ajali na mali ya nyumba, na ni haki ya ule aliyeumizwa.

Kwa familia yenye vyombo vingi, tunaona njia nne.

Ya kwanza, kila chombo na kontra yake. Ni rahisi. Ukiuza pikipiki moja, inatoka peke yake, zingine hazisumbuki. Ubaya wake ni tarehe. Moja inaisha mwezi wa tatu, nyingine wa sita, nyingine wa kumi. Hakuna anayekumbuka, na ajali haingoji.

Ya pili ni kontra moja ya vyombo vyote, ile ma-ajenti wanaita flote. Tarehe ni moja, ajenti ni mmoja, na mtu analeta vyombo vinne mara moja ana nguvu ya kuomba bei ipunguzwe. Lakini uliza kwanza: kampuni inakubali kuanzia vyombo vingapi? Pikipiki zinaingia pamoja na magari ao hapana? Inataka karti roze zote ziwe kwa jina la mtu mmoja? Kwetu Fuso iko kwa jina la shemeji, pikipiki bado iko kwa jina la aliyeuza. Karatasi zisiponyooka, flote haiwezekani. Jambo lingine: motari mmoja mwenye ajali nyingi anaweza kupandisha bei ya wote wakati wa kufanya upya.

Ya tatu ni kuchanganya: RC kwa vyombo vyote, kisha asiransi ya hatari zote kwa kimoja tu. Hiyo ni ya gari mpya, ao ile ulinunua kwa deni. Kwa Fuso ya zamani mara nyingi haifai, sababu kampuni inahesabu bei ya gari siku ya ajali, haiangalii uliinunua ngapi. Unaweza kulipa miaka mitatu kwa gari ambayo ikianguka Mushaki utarudishiwa kidogo.

Ya ine ni likirimba. Watu kumi wenye Fuso wanatoa kila mwezi, mmoja akivunjika wanamsaidia kutengeneza. Sisi tunaipenda, na kwa chuma chako mwenyewe inaweza kushinda kampuni. Lakini haisimami mahali pa RC. Mbele ya sheria haihesabiwi, na mtu akikufa pesa ya likirimba haitoshi.

Basi tuseme wazi tunachofikiri. RC kwa kila chombo chenye motere, na kama pesa haitoshi kwa vyote mwezi huu, pikipiki ya taksi itangulie, Fuso ifuate, jipe iwe ya mwisho, na ikae nyumbani mpaka zamu yake ifike. Pikipiki iko barabarani toka asubuhi mpaka usiku, na watu wawili ao watatu mgongoni. Fuso inabeba mzigo na watu juu ya mzigo. Jipe inatoka mara mbili kwa wiki, na baba mwenyewe ndiye anaendesha. Nani kati ya hizo tatu anakaribia ajali zaidi? Hatari za ukweli zitangulie, hasira ya polisi ije nyuma.

Tunasikia jibu: "Asiransi hazilipaka." Ni neno zito, na halikutoka hewani. Kuna makampuni yanayochelewesha mtu mpaka anachoka. Ndiyo maana kabla ya kulipa, umtafute mtu aliyepata ajali na kampuni ile, umuulize alingoja miezi mingapi. Na ukikataliwa bila sababu, ARCA iko kwa kazi hiyo. Lakini kuna pia kukataliwa kunakoanzia nyumbani. Mtu anaandikisha pikipiki kuwa ni ya matembezi yake, juu bei ni ya chini, kisha anaitia kwenye taksi. Siku ya ajali kampuni inasema: ulilipa nusu ya ile ulipaswa kulipa. Hapo inaweza kukata malipo kwa kipimo kile, ao kukudai wewe. Shoferi asiye na permi ni vilevile. Na ule mchezo wa kuhamisha karatasi moja toka chombo kimoja mpaka kingine unadanganya polisi tu. Namba ya shasi iko imeandikwa. Chombo kisichoandikwa hakina kitu.

Jeto ya bariere nayo tuiweke mahali pake. Mtu analipa bariere tano toka Masisi mpaka Sake, anakunja vikaratasi anaweka mfukoni, anasema "niko mu règle". Jeto inakupitisha tu. Haimlipi mtu aliyegongwa.

Jirani zetu wanatufundisha pia. Mwezi wa kwanza 2022 motari wa Kigali waliingia barabarani kulalamika, na bei ya asiransi ilikuwa kati ya malalamiko yao. Pikipiki zikigonga sana, asiransi yake inapanda, na motari mmoja mmoja hana nguvu ya kujadili. Vyama vya motari vya Masisi vianze leo kuandika orodha ya wanachama, permi na kofia, waende kwa kampuni kama kundi, mbele bei isijawa mlima. Na mwenye gari inayovuka Gisenyi ao Uganda aulize kadi ya njano ya COMESA kwa gari ile moja tu. Haina haja ya kuilipia Fuso isiyopita Sake.

Hatuwezi kuandika haya bila kutaja vita. Rubaya ilichukuliwa na M23 tarehe 30 Aprili 2024, na Goma mwezi wa kwanza 2025, mabenki yakafunga. Kontra za kawaida za asiransi zinaacha vita nje: gari iliyochomwa kwa mapigano ao kamio iliyoporwa na wenye silaha, usitegemee kulipwa. Soma ukurasa wa mambo yasiyolipwa, ao umuombe mwalimu akusomee, sababu mara nyingi umeandikwa kwa Kifaransa na kwa herufi ndogo. Uliza pia: nikipata ajali, faili napeleka wapi? Pesa inatoka mji gani, na inapita njia gani? Kampuni isiyo na jibu la hayo ni ya bei ghali, hata ikikuuzia kwa dola chache.

Makampuni nayo tunayaomba jambo. Mnauza kama vile kila mteja anakaa Gombe na anapokea mshahara. Mkulima wa hapa anapata pesa wakati wa mavuno, motari anapata kila jioni. Wekeni malipo ya miezi mitatu mitatu, kwa simu. Tengenezeni kontra ya familia inayopokea pikipiki mbili na Fuso moja, bila kuomba vyombo kumi. Mtume ajenti mpaka Sake na Masisi, anayeongea Kiswahili.

Na sisi wakaaji, kazi yetu iko ndogo. Jumapili hii, tuweke karatasi za vyombo vyote juu ya meza moja. Tuangalie jina, namba ya shasi, kazi ya chombo, na tarehe ya kuisha. Kisha tuulize bei kwa makampuni mawili ao matatu, maswali yale yale kwa wote. Mtu akisema hana pesa, tumuulize chombo cha mwisho alinunua ngapi. Mbele ya kuongeza gari ya ine, tulipie kwanza zile tatu.